Kona Iliyonyooshwa

Wiki iliyopita walikuja kuziba mashimo kwenye maegesho ya jengo tunaloishi, hapa Silver Spring, na harufu ya lami ya moto ikapanda mpaka kwenye dirisha la jikoni. Nilikuwa nakata vitunguu. Niliweka kisu chini, nikafunga dirisha, kisha nikalifungua tena. Mama, ambaye siku hizi anakaa nami, alikuwa mezani anachambua mchele. Aliacha tu kuchambua, mikono ikiwa juu ya sinia, mpaka harufu ilipopungua.

Ninyi wa rika langu mliokulia huku mnajua jinsi wazazi wetu walivyotueleza mambo makubwa. Hawakutueleza. Walishusha sauti tulipoingia chumbani, wakatupa biskuti, wakatuambia tukacheze. Tuliyojua tuliyaokota wenyewe, kipande huku na kipande kule, tukayaunganisha kwa akili zetu za kitoto. Mimi nilimuunganisha baba yangu na barabara.

Barabara yetu ilikuwa fupi. Ilianzia kwenye taa za magari karibu na maduka ya Beltsville, ikapita katikati ya mashamba ya serikali, ikaishia kwenye njia panda upande wa Greenbelt. Kwa gari ungeimaliza kabla wimbo mmoja haujakwisha redioni. Lakini ilikuwa na kibao cheupe chenye namba nyeusi, kibao cha jimbo, na baba alikiheshimu kibao kile.

"Hii si njia ya mtaani," alikuwa akisema. "Tunaishi kwenye barabara kuu."

"Barabara kuu isiyo na duka hata la chumvi," mama alimjibu.

Tulipanga nyumba ya mbao iliyochakaa, yenye kibaraza mbele. Ng'ambo yake, upande wa pili wa barabara, aliishi Bi Ruth, Mmarekani mweusi aliyekuwa mzee kuliko bibi yangu. Zaidi ya hapo yalikuwa mahindi na uzio. Mahindi hayo yalimuudhi sana Bibi, mama yake baba, alipokuja kutoka Njombe kututembelea. Baba alimweleza kuwa hayaliwi, ni ya wataalamu, yanapimwa tu.

"Yanapimwa nini?"

"Majani, mizizi, wadudu."

"Halafu?"

"Halafu yanafyekwa, mama."

Bibi aliyatazama mahindi yale yaliyokuwa yamempita kimo. "Kweli hawa watu wameshiba," alisema.

Baba alifanya kazi kwenye bustani ya kuuza miche, kwenye mwisho ule mwingine wa barabara. Gari letu lilikuwa limekufa, limekaa nyuma ya nyumba linaota majani, kwa hiyo alitembea. Hakuna mtu mwingine aliyetembea kwenye barabara ile. Haikuwa na njia ya miguu, ni ukingo tu wa majani na mtaro. Watu walisimamisha magari kumuuliza kama ameharibikiwa, kama anahitaji kuitiwa msaada. Baba aliwashukuru, akaendelea. Alitembea mkono wa kulia, kama alivyofundishwa shule ya msingi kwao, na jioni za Jumapili alipotutembeza Bibi na mimi alitupanga kwenye mstari, sote mkono wa kulia.

"Ukiwa huku unaona gari linalokuja," alinifundisha.

"Lakini yanatoka nyuma yetu, baba."

"Hayo ni makosa yao. Wamegeuza barabara. Mimi sijageuka."

Tulicheka sote. Bi Ruth, aliyekuwa kwenye kibaraza chake, alimpigia kelele kwamba avuke, atembee upande wa pili, ayatazame magari usoni. Baba alimpungia mkono. Upande wa pili mtaro ulikuwa na maji, na alikuwa na jozi moja ya viatu vizuri.

Bibi na Bi Ruth walipendana bila lugha. Mchana, mama akiwa amelala kwa sababu alifanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, Bibi alivuka barabara na bakuli lake la maharage mabichi, wakakaa pamoja kuyakata. Mimi nilikuwa mkalimani wao nikitoka shule. Kazi hiyo ilinitesa. Nilikuwa mtoto mwenye haya, darasani nilinong'ona mpaka mwalimu akachoka kuniinamia, na pale kibarazani nilitakiwa kubeba maneno ya wazee wawili. Nilikuwa nayapunguza. Bibi akisema jambo refu, mimi nililipeleka fupi.

Hivyo ndivyo nilivyoijua historia ya barabara yetu. Bi Ruth alisema kwamba zamani ilikuwa njia ya tumbaku. Babu wa babu yake, akiwa mtumwa, alibingirisha mapipa ya tumbaku juu ya njia ile mpaka mtoni, kwenye meli. Njia ilipinda pale kwenye kona, mwendo mfupi kutoka kwetu, kwa sababu ilizunguka kanisa la watu wao na makaburi yake. Baadaye, mama yake Bi Ruth akiwa msichana, jimbo lilikuja na zege, likaipa njia namba, likapunguza ile kona, na nusu ya makaburi ikawa barabara.

"Waliwahamisha?" Bibi aliuliza, na hilo nililipeleka.

"Walihamisha mawe ya makaburi," alisema Bi Ruth. "Watu hawakuwagusa."

Kisha serikali ikanunua mashamba ya pande zote, waumini wakahama, kanisa likabomolewa. Ilibaki kona.

Kwenye kona hiyo palikuwa na misalaba miwili midogo myeupe, imechomekwa kwenye majani, imefungwa riboni na maua ya plastiki. Siku ya kwanza Bibi kuiona alisimama. Kwao, kijijini, msalaba wenye jina uko mahali pamoja tu, kaburini. Aliniambia nimuulize Bi Ruth kama kweli watu wanazikwa hapa, kando ya barabara, bila hata uzio. Nilikusanya ujasiri, nikauliza kwa Kiingereza changu kifupi: kuna watu wamezikwa pale?

Bi Ruth aliitazama kona.

"Wengi, mwanangu," alisema. "Wengi kuliko wanavyojua hao wanaopita na magari."

Alikuwa anajibu swali langu kwa ukweli kabisa. Mimi nililipeleka jibu kwa Bibi, na Bibi akaguna kwa masikitiko. Tangu siku hiyo, kila tulipopita alisimama mbele ya misalaba ile miwili, akang'oa magugu kidogo, akasema, "Poleni, wanangu. Poleni na kelele." Nami nikasema poleni. Baba alituona mara moja. Sijui kwa nini hakuturekebisha. Nafikiri alidhani mama yake anawaombea tu, au aliona aibu kumkosoa mbele yangu.

Ilikuwa majira ya majani kugeuka rangi, na asubuhi za ukungu. Kwenye mashamba yale ukungu ulilala chini, mzito, mpaka mahindi yaliyokauka yakaonekana kama watu waliosimama. Baba aliondoka kabla ya basi langu la shule. Alikuwa amevaa koti la kijani la kazini, na alinivuta sikio kama kawaida yake. Bibi alimwambia asubiri kuche vizuri.

"Miche hainisubiri, mama."

Basi la shule halikuja asubuhi hiyo. Tulisimama kibarazani, Bibi na mimi, tukasikia ving'ora upande wa kona, na hatukuona kitu, ni taa nyekundu na za buluu zikizunguka ndani ya ukungu, kama moto ulio ndani ya maziwa. Bibi alianza kwenda. Bi Ruth akatokea ng'ambo akiwa na gauni la kulalia na buti, akamshika mkono. Kisha likaja gari la Mama Brayo, rafiki yake mama, Mkenya wa Nyeri aliyefanya kazi naye, ambaye alikuwa akimleta mama nyumbani kila asubuhi. Walikuwa wamezuiwa kwenye kona. Mama alishuka akiwa na sare zake za kazi. Alitembea kuja kwetu taratibu sana, akiangalia chini, kama mtu aliyeambiwa asimwage kitu.

Aliponifikia aliniinamia, akaniweka sawa kola.

"Nenda kwa Bi Ruth," alisema. "Baba amesafiri."

Nilikaa kwa Bi Ruth siku nzima. Alinipa mkate wa mahindi, akawasha televisheni, akaizima. Hakuniambia chochote, kwa sababu mama alimkataza.

Msiba ulikaa Silver Spring, kwenye nyumba ya Mama Brayo, kwa kuwa kwetu kulikuwa mbali. Walikuja Watanzania, Wakenya, na familia moja ya Wakongo. Waliondoa viti, wakakaa chini, wakaimba. Sisi watoto tulifungiwa chumbani na filamu za katuni. Nilikwenda chooni mara nyingi kuliko nilivyohitaji, na kila nikipita kwenye ujia nilisimama kusikiliza.

"Polisi alisema alikuwa ameligeuzia gari mgongo. Yule mzee aliyekuwa anaendesha analia tu, hakumwona."

"Msimwambie bibi hayo ya upande."

"Na mkewe, ataenda na mwili?"

"Ataendaje na hana makaratasi? Akitoka hivi, harudi," alisema Mama Brayo. Kisha akaniona. "Ai, mamii, umesimama hapo tangu saa ngapi? Kuja nikupe chapo."

Mwili. Neno hilo nililisikia, nikalijua na sikulijua. Nilijua kuku akichinjwa kuna mwili. Sikujua mwili unaweza kwenda.

Siku Bibi aliporudi Njombe tulimsindikiza uwanja wa ndege. Kama baba alikuwa amesafiri, niliwaza, basi leo nitamwona, ama anarudi ama anaondoka. Nilimtafuta kwenye foleni zote. Nilitafuta koti la kijani. Bibi, ambaye siku zote aliniita mke mwenza na kunitania kuwa nimemnyang'anya mume wake, yaani babu aliyekufa kabla sijazaliwa, siku hiyo hakunitania. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akanitazama, akaingia ndani peke yake. Kwa macho yangu alikuwa peke yake. Baba hakuwepo. Kwa hiyo baba hakusafiri, na mama alikuwa amenidanganya.

Baada ya siku chache, basi la shule lilipopunguza mwendo kwenye kona, niliona msalaba wa tatu. Ulikuwa mpya, mbao zake bado zinang'aa, na chini yake vyungu vya maua ya njano kutoka kule kwenye bustani ya miche. Wafanyakazi wenzake waliuweka. Jina la baba lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeusi, na walikosea herufi moja. Nilikaa kwenye kiti changu, nikatulia. Ni vigumu kueleza. Sikulia. Nilikuwa nimempata.

Niliuficha ujuzi ule kama watoto wengine wanavyoficha pipi. Jioni, nikitoka shule na mama akiwa bado amelala, nilitembea mpaka kwenye kona, mkono wa kulia, nikasema "Pole na kelele, baba." Nilimsimulia mambo ya shule. Pale sikunong'ona. Malori yakipita yalinitikisa, na nilimweleza ni lori la aina gani, kwa sababu nilifikiri kutoka chini analisikia lakini hawezi kulijua. Theluji ilipoanguka nilihofia baridi, nikamfunika kwa kitenge kimoja alichoacha Bibi.

Asubuhi moja nikiwa kwenye basi nilikiona kile kitenge kimekunjwa vizuri, kimewekewa jiwe juu kisipeperuke. Pembeni, kwenye theluji, palikuwa na nyayo za viatu vya kazi. Nilivijua. Mama Brayo alikuwa akimshusha mama kwenye kona siku hizo, badala ya mlangoni, na mama alikuja nyumbani kwa miguu. Kwa hiyo mama alijua baba yupo pale. Alijua, na bado alisema amesafiri. Nilimchukia kidogo kwa hilo, na nilimwonea huruma kidogo, na hatukusemezana. Tulikula chakula chetu cha jioni tukiwa wawili, yeye akiwa anaamka na mimi nikiwa naelekea kulala, na redio ndogo ya baba iko kimya juu ya friji.

Theluji ilipoyeyuka, vikatokea vijiti. Vilichomekwa kwenye majani kandokando ya kona, vimefungwa utepe wa rangi ya chungwa. Watu wenye fulana za kung'aa walipima, wakapulizia rangi juu ya nyasi. Mstari mmoja wa rangi ulipita karibu kabisa na msalaba, kisha ukaendelea moja kwa moja kuingia shambani. Nilivuka barabara kwenda kwa Bi Ruth. Ilikuwa mara ya kwanza kumwendea bila kutumwa.

"Wanainyoosha," aliniambia. "Hatimaye. Imewachosha hata wao."

"Na waliopo pale?"

Alifikiri naulizia misalaba, au aliwafikiria watu wake, sijui. Alifuta mikono kwenye aproni.

"Misalaba wataihamisha, mwanangu. Wanahamisha alama siku zote. Walio chini wanawaacha, wanamwaga barabara juu yao. Ndivyo walivyofanya kwa watu wangu."

Nilirudi nyumbani. Sikulala vizuri siku zile. Nilikuwa naona lami, nyeusi na nzito, inateremka taratibu juu ya koti la kijani. Kila basi lilipopita kona nilihesabu mitambo: katapila limefika, kijiko kimefika, rola imefika. Mama alipita palepale kila asubuhi na hakufanya lolote. Nilimsubiri aseme. Nilifikiri wakubwa wana mpango. Kisha uzio wa plastiki ukazungushwa, ukiiacha misalaba mitatu ndani yake, na nikaelewa kwamba hakuna mpango.

Jumamosi kulipopambazuka nilichukua jembe dogo la bustani ambalo baba alimletea Bibi, nikachukua na shuka la kitanda changu. Nilikuwa nimeshachagua mahali: nyuma ya nyumba, karibu na gari bovu, ambako Bibi alikuwa amepanda maboga. Mitambo ilikuwa imelala. Niliinama, nikapita chini ya uzio. Nilisogeza vyungu pembeni, nikaung'oa msalaba, ukatoka kirahisi mno, nikaanza kuchimba.

Udongo ulikuwa umelowa na mizizi mingi. Nilichimba mpaka magotini, nikapiga kokoto, nikachimba tena. Nilikuwa nimejiandaa kumwona. Nilikuwa nimejiambia sitaogopa, hata kama amebadilika. Nilimwambia kwa sauti kwamba asubiri kidogo, nimekaribia.

Sikusikia gari likisimama. Nilisikia mlango.

"Unafanya nini?" Ilikuwa sauti ya mama.

Sikuacha. "Namtoa baba. Watamfunika na lami."

Niliinua kichwa. Alikuwa amesimama nje ya uzio wa plastiki na begi lake la kazini, mdomo wazi. Nyuma yake Mama Brayo alikuwa ameweka mikono kichwani. "Yesu," alikuwa anasema. "Yesu wangu. Huyu mtoto hamkumwambia?"

Mama alipita chini ya uzio kwa magoti, na sare zake. Alifika akakaa kwenye matope ukingoni mwa shimo langu. Alinishika kiganja chenye jembe.

"Baba hayupo hapa."

"Yupo. Jina lake liko hapa."

"Hapa ndipo alipofia. Wazungu wanaweka msalaba mtu alipofia. Hawamziki hapo."

"Sasa yuko wapi?"

"Njombe. Kwenye shamba la Bibi, karibu na babu yako. Alikwenda na Bibi, ndege ileile."

"Mimi nilikuwepo. Nilimtafuta. Hakuwepo."

"Alikuwa chini," mama alisema, na hapo ndipo sauti yake ilipovunjika. "Alikuwa kwenye sanduku, chini ya ndege."

"Na mizigo?"

"Ndiyo. Na mizigo."

Nilimuuliza kwa nini yeye hakwenda. Aliniambia kwamba angetoka, wasingemruhusu kurudi, na baba alitaka nisome hapa. Nikamwambia basi tungekaa hukohuko, sote, pamoja naye. Aliokota udongo kwa mikono, akaanza kulifukia shimo. Mama Brayo aliingia akamsaidia, akilia na kukemea kwa pamoja: "Mnafichaficha watoto vitu, ona sasa. Ona." Nilikaa pembeni na shuka langu mapajani. Walipomaliza, mama aliusawazisha udongo kwa viganja, polepole, akaupigapiga pande zote, kama anavyofanya mtu kwenye kaburi. Hakukuwa na mtu chini yake, na wote watatu tulijua.

Siku ile nyumbani alitoa kanda ya video iliyokuwa imefungwa kwenye kanga, ndani kabisa ya kabati. Ndugu walimpa mtu aliyekuwa anakuja ubalozini ailete. Walikuwa wamepiga picha mazishi yote. Aliiingiza kwenye mashine yetu, na kioo cha televisheni kikajaa mistari. Kanda za kwetu hazikusomeka kwenye mashine za huku, lakini sisi hatukulijua hilo. Mama alidhani imeharibika njiani. Mistari ilipanda na kushuka, ya kijivu na nyeusi. Mara moja moja kiliteremka kitu kama bega, au kama mti. Na sauti ilikuwepo: watu wanaimba, lakini kwa kasi, nyembamba, kama ndege wadogo wanaogombana.

"Huo ni wimbo gani?" niliuliza.

Mama alisogeza sikio. "Sijui," alisema. "Nimeusikiliza mara nyingi, sijaweza kuujua."

Tuliiangalia mpaka mwisho.

Nimefika Njombe nikiwa mtu mzima. Kaburi lina saruji na jina lisilo na kosa, na Bibi amelala pembeni yake sasa. Nilisimama hapo na maua, kulikuwa na baridi, na sikupata neno la kumwambia. Mama hajafika mpaka leo.

Lakini nirudi kwenye barabara. Lami ilimwagwa wiki iliyofuata. Harufu iliingia ndani ya nyumba, ndani ya nguo, ndani ya maziwa. Msimamizi wao, mtu mnene mwenye uso mwekundu, alibisha hodi akiwa ameukumbatia msalaba wa baba kama mtoto, akavua kofia, akauliza tunataka auweke wapi. Mama alimwambia auache kibarazani. Misalaba ile miwili mingine sijui aliipeleka kwa nani.

Barabara ilipofunguliwa tulikwenda kuiona, mama na mimi. Alikuwa amebeba maua ya njano na kipande cha uzi. Nilipoanza kushika mkono wa kulia alinivuta kwa nguvu, karibu anidondoshe.

"Upande huu. Tutayaangalia yakija."

"Baba alisema—"

"Najua alichosema."

Tukatembea mkono wa kushoto, mtaroni, viatu vikijaa maji. Kona haikuwepo. Palikuwa na mstari mweusi ulionyooka, bado unanuka, na magari yalipita kwa kasi kwa sababu hakukuwa tena na kitu cha kuyapunguza. Sikuweza kutambua mahali. Mama aligeuka, akaitazama nyumba ya Bi Ruth, akautazama mti fulani upande wa mashamba, akarudi hatua kidogo, akasogea tena, mpaka akaridhika. Karibu na hapo jimbo lilikuwa limesimika nguzo mpya ya kibao chenye namba. Alichuchumaa, akaanza kuyazungushia maua uzi kwenye nguzo. Upepo wa magari ulikuwa unayang'oa mkononi mwake.

"Mama," nilisema, "si umesema hayupo hapa?"

"Hayupo," alisema. "Shika hapo nifunge."

Nikashika.